Kikaratasi cha dola moja

Wengine mmeniuliza mbona kimya. Kuna habari nimekuwa nikiizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila nikikaa nayo, nainuka. Leo nimeamua kukaa.

Nianze na kuungama. Februari 2022 niliandika tangazo la kifo lenye uongo ndani yake. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuwauliza watu "una uhakika?" na "nani kasema?", niliandika kwamba mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amefariki ghafla mjini Houston, Texas, kwa matatizo ya moyo. Hakuwa na matatizo ya moyo. Alikuwa na miaka 24, na kabla hajaondoka Dar alikuwa akimpandishia bibi gunia la mchele hadi ghorofa ya nne bila kupumzika njiani.

Mnajua mambo yanavyokwenda mtu akifia ughaibuni. Kundi la WhatsApp likaundwa usiku uleule. Vikao, michango, namba ya mweka hazina. Watanzania wa Houston, Mungu awabariki, walichangishana hadi mwili ukafika Uwanja wa Julius Nyerere. Tukazika, tukaanua matanga, watu wakarudi makazini.

Cheti cha kifo kilikuja baada ya miezi kadhaa, kwa bahasha, kwa jina la mjomba. Aliniita nimsaidie Kiingereza, ingawa Kiingereza anakijua vizuri tu. Nadhani alitaka mtu mwingine asome kwa sauti ili yeye asiwe peke yake. Chanzo cha kifo: sumu ya fentanili. Mjomba akakunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Hili linabaki humu ndani. Mama yako mdogo asilisikie."

Nikakubali. Katika familia yetu neno "dawa za kulevya" lina sura moja tu, ya teja aliyelala kwenye mtaro Magomeni. Nani alitaka mtoto wetu avae sura hiyo akiwa kaburini?

Lakini waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Sisi tulikuwa tunaficha maradhi hata baada ya kifo.

*

Juni 2023 nilipata nafasi ya mafunzo ya wiki tatu Marekani. Mwishoni nikakata tiketi ya basi hadi Houston kumwona kijana aliyekuwa anakaa chumba kimoja na marehemu. Ni mtu wa Mombasa, mpole, anayesema "dada" kwa namna inayokufanya ujisikie una deni naye. Alinikaangia samaki, akanisubiri nile nimalize, ndipo akaanza kusimulia.

Marehemu alikuwa anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kupanga maboksi. Mgongo ukamuuma. Daktari akampa dawa za maumivu, zikaisha. Kurudi hospitali bila bima ni fedha za kodi ya nyumba. Mtu wa kazini akampa namba ya simu ya mtu anayeuza. Vidonge vikaja: vya bluu, vya duara, upande mmoja vina herufi M, upande wa pili 30. Ukivitazama ni oksikodoni ya kiwandani, miligramu 30, ile ambayo daktari mwenyewe angekuandikia.

Havikuwa vya kiwandani. Vilikuwa vya kugushi, na ndani yake kulikuwa na fentanili.

Kwa asiyeijua, fentanili ni dawa halali ya hospitalini, hutumika kwenye upasuaji na kwa wagonjwa wenye maumivu makali ya saratani. Ina nguvu kama mara 50 ya heroini. Ikitengenezwa uchochoroni na kuchanganywa kwa makadirio ya macho, kidonge kimoja kinaweza kuwa nayo kidogo na jirani yake kikawa na ya kuua. Idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani, DEA, inasema miligramu 2 zinaweza kumuua mtu. Hizo ni chembe kadhaa tu, mfano wa chumvi iliyonata kwenye ncha ya penseli. Maabara yao ilipopima vidonge vya kugushi vyenye fentanili mwaka 2022, 6 kati ya kila 10 vilikuwa na kiasi kinachoweza kuua.

Mwaka huohuo watu wapatao 108,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa fentanili na jamaa zake. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000. Ujaze wote, uutoe, kisha uujaze tena zaidi ya robo tatu. Ni mwaka mmoja huo.

"Hakuzidisha kitu, dada," yule kijana akaniambia. "Alimeza kimoja. Alikuwa na maumivu, alitaka kulala."

*

Halafu akainuka, akafungua droo ya jikoni, akatoa kipakiti kilichokuwa chini ya vijiko. Akakata ncha ya kidonge cha kawaida cha maumivu alichonunua dukani, akakisaga kwa mgongo wa kijiko, akakoroga na maji kidogo kwenye kikombe. Ndani ya kipakiti mlikuwa na kikaratasi chembamba, mfano wa kile ambacho akina dada tunakijua, cha kupimia mimba. Akakichovya kama sekunde 15, akakilaza juu ya meza, tukasubiri.

Mistari miwili ikatokea.

Mimi nikashtuka, maana katika elimu yangu ya mistari, miwili ni habari kubwa! Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hii ni kinyume, dada. Miwili ni salama, fentanili haijaonekana. Ukiona mmoja, ndiyo imo."

Bei? Kama dola moja. Shilingi 2,500 hivi kwa wakati ule.

Vikaratasi hivyo vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kupima mkojo. Mwaka 2016 wahudumu wa kituo cha Insite mjini Vancouver, Kanada, walianza kuvitumia kupima dawa yenyewe kabla mtu hajaitumia, na wazo likasambaa. Nilimuuliza mwenyeji wangu kwa nini anavificha chini ya vijiko. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Kwa sababu hapa Texas hivi ni kosa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Usiku ule nikakaa na simu nikisoma sheria, na kweli, alikuwa sahihi. Sheria ya Texas inahesabu "vifaa vya dawa za kulevya" kuwa ni pamoja na kifaa chochote cha kupimia nguvu au usafi wa dawa hizo. Kukutwa nacho kwa nia ya kukitumia, faini hadi dola 500. Kumpa mwenzako huku ukijua atakitumia, hadi mwaka mmoja jela. Yule kijana hakuwa anajiwekea mwenyewe, kwani yeye hata sigara havuti. Alikuwa anawagawia wenzake wa zamu ya usiku tangu alipomkuta ndugu yangu asubuhi ile kitandani, midomo ikiwa imebadilika rangi.

Kwa hiyo huyu kijana aliyeamua kwamba hataki kuona maiti ya pili, mbele ya sheria alikuwa ni mhalifu. Mbaya kuliko mwenye kukitumia.

*

Sheria hii ilitoka wapi? Mwaka 1979 serikali ya Marekani, kupitia DEA, iliandika sheria ya mfano ambayo majimbo yangeweza kuinakili. Shabaha ilikuwa maduka yaliyokuwa yanauza viko na mizani ya wavutaji mitaani. Ndani ya orodha ndefu ya vifaa haramu wakaweka na vifaa vya kupimia. Majimbo mengi yakanakili, na orodha ikakaa hapo zaidi ya miaka 40. Wakati inaandikwa, hakuna aliyekuwa akiwaza kidonge chenye sura ya dawa ya hospitali na tumbo la sumu. Kwa hiyo simlaumu sana aliyeandika mwaka 1979. Ninamlaumu anayeisoma leo, akaona makaburi, na bado akaiacha ilivyo.

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni hiki. Aprili 2021 serikali kuu ya Marekani iliruhusu fedha zake zitumike kununua vikaratasi hivyohivyo. Yaani Washington inalipia kinga, halafu ukivuka mpaka wa jimbo kinga inageuka kuwa kidhibiti.

Majimbo mengi yakaamka. Wisconsin ilirekebisha sheria yake mwaka 2022. Pennsylvania ikapitisha yake mwaka huohuo, ikaanza kutumika Januari 2023. Florida, Ohio na Kansas zikafuata mwaka 2023. Na haya si majimbo ya watu wanaosifika kwa kuyachekea madawa! Texas nayo ilijaribu. Gavana Greg Abbott alisema mwishoni mwa 2022 kwamba anaunga mkono. Mswada ukapelekwa na mbunge Tom Oliverson, ambaye kwa taaluma ni daktari wa usingizi, mtu anayeijua fentanili kwa mikono yake. Aprili 2023 Bunge la Wawakilishi la jimbo likaupitisha kwa kura nyingi mno za vyama vyote viwili. Ulipofika Seneti ukalala, na kikao kikaisha. Hiyo ni wiki chache tu kabla sijakaa kwenye ile meza ya jikoni.

Wakati mswada umelala, jimbo hilohilo lilikuwa na kampeni kubwa ya kuwaonya vijana kwamba kidonge kimoja kinaua. Onyo zuri kabisa, na la kweli. Lakini kumwambia mtu kidonge kimoja kinaua, halafu kumkamata akijaribu kujua ni kipi, hiyo mimi siielewi.

*

Najua hoja ya upande wa pili kwa sababu nimekua nayo nyumbani. Ukimpa mtu kipimo umembariki. Umemwambia tumia tu mwanangu, ila uangalie. Mjomba aliniambia hivyohivyo nilipomsimulia.

Nikamjibu, mjomba, mwavuli hauleti mvua. Mtu aliyeshika kidonge mkononi saa nane za usiku ameshaamua jambo baya. Swali lililobaki ni moja tu: je, kesho asubuhi atakuwepo wa kushauriwa? Maiti haachi dawa. Maiti haendi kliniki, haokoki, haombi msamaha kwa mama yake. Kila hatua nzuri tunayomtakia mtu huyu inahitaji kwanza awe anapumua.

Tena ushahidi upo. Huko Greensboro, North Carolina, watafiti walifuatilia watu 125 wanaojidunga waliopewa vikaratasi hivi, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Asilimia 43 walisema walibadilisha namna ya kutumia dawa. Waliopata jibu la "imo" walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubadilika, kupunguza kiasi, kwenda polepole, au kutotumia peke yao. Si wote. Lakini niambieni, kampeni gani ya afya inawabadilisha wote?

Tusidanganyane pia. Kikaratasi kina mipaka yake. Kinasema imo au haionekani, hakisemi ni kiasi gani. Ukipima ncha ya kidonge, sumu inaweza kuwa imejikusanya upande wa pili, kwa sababu mchanganyaji wa uchochoroni hana mashine. Na zipo sumu nyingine zinazopita bila kuonekana. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii wanasisitiza naloksoni iwe karibu, ile dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa, ambayo tangu 2023 Marekani iliruhusiwa kuuzwa ya kupuliza puani bila cheti cha daktari. Na wanasisitiza asiwepo mtu wa kutumia peke yake akiwa amejifungia mlango.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uholanzi ina mfumo wake wa kupima dawa za mitaani tangu 1992. New Zealand mwaka 2021 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutunga sheria ya kudumu inayohalalisha huduma hiyo waziwazi. Unapeleka ulichonacho, mtaalamu anapima, anakwambia hiki sicho ulichodhani, na anakaa nawe kuzungumza. Kwa wengine hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza na mtu wa afya asiyewafokea.

*

Mtaniuliza, sisi Dar yanatuhusu nini? Unga wetu ni heroini, na mateja wetu wana shida zao nyingine.

Yanatuhusu. Miaka ya nyuma, nikiwa bado mwanafunzi wa mazoezi kwenye chumba cha habari, nilitumwa kwenye kliniki moja ya methadoni hapa mjini. Kwa wasiokumbuka, Muhimbili ilianza huduma hiyo Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Watu wanakuja kila asubuhi, wanakunywa dawa yao mbele ya mhudumu, wanakwenda zao. Maneno yaliyosemwa mitaani wakati ule mnayakumbuka: serikali inawapa mateja unga wa bure! Mimi mwenyewe nilikwenda na daftari langu nikiwa na kichwa cha habari cha namna hiyo tayari kichwani.

Nikakuta foleni ya watu waliochana nywele. Fundi seremala mmoja alikuwa na haraka kwa sababu alikuwa na kitanda cha mteja cha kumalizia. Hakuwa na muda wa kunihadithia. Nikasimama pale na swali langu la kijanja, sina wa kumuuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa anawahi kazini. Kile kichwa cha habari sikukitumia.

Kwa hiyo kanuni tunaijua hapahapa nyumbani, hatuhitaji kuifuata Houston. Mtu anayetumia dawa ni mgonjwa wa mtu, ni mtoto wa mtu, na sheria inayomzuia asife haimfundishi kutumia. Dawa za mitaani zinabadilika haraka kuliko vitabu vya sheria. Siku mchanganyiko mbaya ukiingia mtaani kwetu, sitaki tuanze ndipo kujadili kama kujua kilichomo ndani ni kosa la jinai.

Na jambo la kutia moyo ni kwamba namba inaweza kushuka. Mwaka 2024 vifo Marekani vilipungua hadi kama 80,000. Sababu ni nyingi na wataalamu wanabishana, sitasema ni kikaratasi kilichofanya kazi hiyo. Lakini wale waliokuwa wakisema "hawa hawasaidiki" wana la kujibu.

*

Niliporudi kutoka Marekani nilikaa na siri yangu mwezi mzima. Kisha Jumapili moja nikaenda kwa mama mdogo, Tabata. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, bado anasahihisha sarufi ya kila mtu. Nikasema, "Shikamoo mama, nina jambo."

"Marahaba. Ni habari ya mdogo wako," akasema. Hakuuliza.

Nikamwambia yote. Mgongo, kidonge cha bluu, bahasha ya mjomba. Alinisikiliza huku anachambua mchele, vidole vikiendelea kwenye ungo kama vya mtu mwingine. Nilipomaliza akasema, "Mtoto wa miaka 24, mnaniambia moyo. Mnadhani nilizaa bila kujua nilichozaa? Niliwaachia uongo wenu kwa sababu niliona mnauhitaji."

Nikalia. Yeye hakulia. Akaniomba nimweleze tena kuhusu kile kikaratasi. Kinachovywa wapi, kinasubiriwa muda gani, mistari inasomwaje. Kama mwalimu anayehakikisha ameelewa somo.

"Kinauzwa bei gani?"

"Kama dola moja, mama."

"Ni shilingi ngapi hiyo?"

"Elfu mbili na mia tano."

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitazama, akaliweka pembeni.

"Na kule ni marufuku."

"Ni marufuku, mama."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema niandike. Jina nisiliweke, lakini niandike, na safari hii niandike ukweli. Nimechukua muda mrefu kuliko alivyotaka, na ameniuliza mara mbili nimefikia wapi. Basi mama, hii hapa. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna bahasha imekunjwa kabatini, unadhani inamlinda nani?